Paa la asbesto: anayelala chini yake na anayelipasua

Mabishano kuhusu mapaa ya asbesto kwenye nyumba za zamani hapa Moshi huendeshwa kana kwamba hatari ni moja kwa kila mtu. Wengine wanasema bomoa yote, hiyo ni sumu. Wazee waliokulia humo wanajibu kuwa wamelala chini yake miaka yote na vifua vyao ni vizima. Mimi naona pande zote mbili zinamsahau mtu aliye juu ya kenchi.

Wazee hawajakosea sana. Bati la asbesto ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini, mara nyingi asilimia 10 hadi 15. Likiwa zima, saruji huzishika nyuzi hizo, na anayelala chini yake hana la kumkosesha usingizi. Tabu huanza likikatwa, likivunjwa au likisuguliwa kwa brashi ya waya kuondoa ukungu. Na hizo ni kazi za fundi. Grainda ikipita, vumbi la kijivu linatanda mpaka kope zinabadilika rangi, huku saidia fundi akifagia pakavu, barakoa ya kitambaa ikiwa kidevuni. Hata angeivaa sawasawa, kitambaa hakizuii nyuzi nyembamba kiasi hicho.

Kinachowapa mafundi ujasiri ni kwamba hakuna anayeugua wiki hiyo wala mwaka huo. Makovu ya mapafu, saratani ya mapafu na ile ya utando wake, mesothelioma, hujitokeza baada ya miaka 20, 40, hata zaidi. Mvuta sigara hatari ya saratani ya mapafu humzidia maradufu na zaidi. Kijana anayepaua leo ataanza kuishiwa pumzi akiwa na wajukuu, na wa kwanza kumwona atasema ni TB. Wachimbaji wa tanzanite wa Mererani, ambao vumbi la miamba huwaharibu mapafu, wanaujua vizuri mkanganyiko huo.

Je, tubomoe yote basi? Hapa nasita. Ubomoaji wa pupa unaweza kutoa vumbi ambalo paa lile lisingelitoa kwa miaka mingi. Uingereza ilipiga marufuku asbesto nyeupe mwaka 1999, lakini majengo mengi bado yanayo: iliyo nzima huruhusiwa kubaki, mradi iandikwe ilipo na ikaguliwe. Mwenye nyumba wa huku ataipenda hoja hiyo, maana haina gharama! Ila ataacha ile sehemu ya kuandika na kukagua, na fundi atakayekuja kufunga dishi mwakani atatoboa bila kujua anatoboa nini. Kwa hiyo lenye nyufa au linalomeguka ningeliondoa. Zima ningeliacha, na kila fundi aambiwe kabla hajapandisha ngazi. Si kila bati la kijivu ni asbesto, lakini macho hayawezi kutofautisha, ni maabara tu.

Kuondoa kwa utaratibu si elimu ya ajabu. Bati linaloweshwa, bolti zinafunguliwa badala ya kuvunja, linashushwa zima, linafungwa kwenye nailoni nzito. Fundi anavaa barakoa ya P3, yenye kichujio cha kuzuia vumbi laini kabisa, na nguo za kazi hazirudi nyumbani kufuliwa na mkewe. Taka yenyewe ni ya hatari na iko chini ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, wala haifai kuzibia banda la kuku.

Vyote hivyo ni pesa, na mabishano yangepaswa kuhamia hapo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtwika mwajiri wajibu huo, lakini kibarua aliyeokotwa asubuhi hana karatasi inayoonyesha mwajiri wake ni nani. Mwenye nyumba anamtupia fundi, fundi anapunguza bei ili asinyang'anywe kazi, na cha kwanza kukatwa ni barakoa. Ningekuwa fundi, ningeiandika barakoa, nailoni na usafirishaji wa taka kwenye makadirio, mstari mmoja na misumari, ili bosi akitaka kuvifuta avifute kwa kalamu yake mwenyewe.