Siku ya Kutembea: Kent Imepangwa kwa Mwenyeji, Tanga kwa Mgeni

Watu wa nyumbani wanaponiuliza Uingereza kuna nini cha kutazama, hutarajia niwatajie London, na saa yake kubwa na ikulu ya mfalme. Mimi ninaishi Kent, kaunti ya kusini-mashariki, kwenye pembe ile ya kisiwa iliyo karibu zaidi na Ufaransa, na jibu langu huanzia huku. Kent ina kanisa kuu la Canterbury, ina ngome ya Dover na majabali meupe ya chokaa yaliyo chini yake, ina bustani za matofaa na fukwe ndefu za kokoto. Hata hivyo, tofauti ninayoiona kati ya kaunti hii na Tanga, mkoa niliozaliwa, haimo katika wingi wa mambo ya kutazama, kwa kuwa katika hilo Tanga haidaiwi na mtu. Tofauti ni kwamba Kent imejipanga ili mwenyeji wa kawaida, mwenye watoto wawili na siku moja tu ya mapumziko, aweze kutoka asubuhi na kurudi jioni akiwa ameona kitu cha maana, ilhali sisi vitu vyetu tumevipanga kwa ajili ya mgeni anayeteremka kwenye ndege.

Nitoe mfano wa Reculver, mahali pasipo na sifa kubwa nje ya kaunti. Juu ya ufuko imesimama minara miwili ya kanisa lililoanzishwa mwaka 669 ndani ya kuta za ngome ya Warumi. Bahari imekwisha kula sehemu kubwa ya ngome hiyo, na mwanzoni mwa karne ya 19 waumini wenyewe walilibomoa kanisa lao kwa kuona kwamba maji yanakaribia kulifikia. Minara ilinusurika kwa sababu moja tu: Trinity House, taasisi inayosimamia minara ya taa na alama za baharini, iliihifadhi ili manahodha wasipoteze alama waliyoizoea. Leo hakuna kiingilio. Mtu anaweza kushuka katika mji wa Herne Bay, akafuata njia ya pwani kwa miguu kiasi cha kilomita tano, akakuta vibao vinavyoeleza habari ya Warumi, choo safi, na mahali pa kununua chai. Njiani kuna viti vya mbao, na kwenye egemeo la baadhi yake kuna kibao kidogo chenye jina la marehemu aliyepapenda mahali pale, kilichowekwa na jamaa zake. Mimi niliyekulia penye desturi ya kuchimba kisima kwa ajili ya aliyetangulia niliuelewa ukarimu ule mara moja; ni sadaka inayoendelea, isipokuwa badala ya maji hapa wametoa mahali pa kupumzisha miguu.

Sasa tuiangalie Tongoni, mwendo mfupi kusini mwa jiji la Tanga kwenye barabara ya kwenda Pangani. Pale kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya Waswahili wa zamani, mengine yakiwa na nguzo ndefu za mawe ambazo nyingi zimeanguka, na zamani zilipambwa kwa vyombo vya kaure kutoka nchi za mbali. Jirani na hapo, mnamo Januari 1499, Vasco da Gama aliichoma mojawapo ya meli zake, São Rafael, kwa sababu mabaharia wake walikuwa wamekufa kwa wingi kiasi kwamba waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote. Habari ya namna hiyo, ingekuwa imetokea nje ya Herne Bay, ingekuwa na kibao, sanamu, mchezo wa watoto na keki yenye umbo la meli. Magofu ya Tongoni si duni kwa Reculver hata kidogo, na kwa macho yangu ni mazuri zaidi, kwa kuwa yanakaa kati ya mibuyu na bahari ya buluu, wakati Reculver kwa sehemu kubwa ya mwaka hukaa kati ya mawingu na maji ya rangi ya saruji. Lakini nimeishi Tanga utoto wangu wote bila kusikia mzazi yeyote wa mtaani kwetu akisema kwamba Jumapili hii familia inakwenda Tongoni. Tuliokwenda tulipelekwa na shule, tukasimama juani, tukaandika tarehe kwenye daftari, tukarudi.

Ngome ya Dover inaonyesha upande mwingine wa jambo hili, nao ni ufundi wa kusimulia. Mnara wake mkuu ulijengwa na mfalme Henry wa Pili katika miaka ya 1180, lakini wageni wengi hupanga foleni kwa ajili ya mahandaki yaliyochimbwa ndani ya jabali, ambamo Admeri Bertram Ramsay aliongoza kazi ya kuwaokoa zaidi ya wanajeshi 338,000 waliozingirwa na Wajerumani huko Dunkirk, pwani ya Ufaransa, kati ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni 1940. Tusifichane: hiyo ni habari ya jeshi lililoshindwa na kukimbizwa hadi baharini. Waingereza wameisimulia kwa sauti, kwa picha na kwa giza la mahandaki yenyewe mpaka mtoto anatoka mle akiamini kwamba ameonyeshwa ushindi. Sisi tunayo habari ya Novemba 1914, wakati kikosi cha Waingereza chenye askari wapatao 8,000, wengi wao wakiwa wametoka India, kilipoteremshwa Tanga na kurudishwa melini na jeshi dogo zaidi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika, huku nyuki waliochokozwa na risasi wakiwavamia watu bila kuangalia bendera. Wazee wa barazani wanaisimulia vizuri kuliko kipaza sauti chochote cha Dover. Mjini yapo makumbusho ya Urithi katika boma la zamani la Wajerumani, nayo yanastahili kutembelewa. Lakini njia yenye alama ambayo ingemchukua mtoto kwa mkono kutoka ufuko walikoteremka hadi kwenye reli walikopigwa, hiyo sijaiona.

Kuna watakaosema kwamba ninausifu ugenini kwa kuwa ninakula ugenini. Basi niseme na ubaya wake. Milango ya Kent ni ghali. Familia ya watu wanne ikiamua kwenda kwenye kasri la Leeds, ambalo licha ya jina lake liko Kent wala halihusiani na mji wa Leeds wa kaskazini, itaacha langoni fedha zinazokaribia malipo ya siku nzima ya mtu anayelipwa kima cha chini, na hapo watoto bado hawajaomba aiskrimu. Ni kweli kwamba tiketi hiyo inakuruhusu kurudi kwa mwaka mzima, nami nawajua wazazi wanaoitumia mpaka karatasi inachakaa, lakini fedha ya kwanza lazima uwe nayo. Wahamiaji wengi tunaofanya kazi za zamu katika nyumba za wazee na kwenye maghala hatuna Jumapili ya pamoja na watoto wetu, na vijijini mabasi ya siku hiyo ni machache, kwa hiyo nyumba kama Chartwell, aliyoinunua Churchill mwaka 1922, au bustani ya Sissinghurst, zinabaki kuwa za wenye magari.

Dawa yao ya ughali huo ni uanachama. National Trust, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1895, inamiliki Chartwell, Sissinghurst, sehemu ya majabali ya Dover na mengineyo, na anayelipa ada ya mwaka huingia kote bila kulipa tena. Mmoja wa waasisi wake, Octavia Hill, alipigania maskini wa London wapate mahali pa wazi pa kuvuta hewa, na amezikwa Crockham Hill, huku huku Kent. Nasikitika kwamba Waafrika wengi ninaowafahamu hawajiungi kwa kudhani ni chama cha wazee wa Kizungu wenye mbwa, dhana ambayo, mtu akizunguka kwenye viegesho vya magari siku ya Jumanne, ataona kwamba haikutoka hewani. Canterbury nako kuna lango na tiketi, lakini anayekwenda kusali hatozwi. Rafiki yangu wa Muheza, Mwanglikana ambaye wazee wake walibatizwa na wamisionari wa Magila, huingia kwa ibada ya jioni, husikiliza kwaya ya wavulana chini ya dari lile refu, kisha hutoka kwa amani akiwapita watalii wanaohesabu chenji.

Kitu ninachokithamini kuliko makasri yote hakina lango kabisa. Kent ina zaidi ya kilomita 6,000 za njia ambazo umma una haki ya kupita, nyingi zikikata katikati ya mashamba ya watu binafsi. Tangu sheria ya mwaka 1949 njia hizo huandikwa kwenye ramani rasmi ya kaunti, na mwenye shamba hana ruhusa ya kuzifunga. Akilima juu ya njia, lazima airudishe ionekane. Mshale wa njano kwenye nguzo unamaanisha pita kwa miguu, wa buluu unamaanisha hata farasi na baiskeli ruhusa. Mwanzoni nilikuwa nikisimama mbele ya shamba la ngano la mtu nikitafuta wa kumpigia hodi, kwa kuwa malezi yangu hayaniruhusu kukatiza mazao ya jirani bila salamu. Salamu, kwa kweli, huja: watu wale wale wasiokutazama usoni kwenye foleni ya duka, ukikutana nao kwenye njia ya shambani, hukusalimu na kukueleza habari ya mvua. Sisi pia tunazo njia za miguu kila mahali, za kwenda kisimani, msikitini na shambani, na milimani Lushoto zinapita penye mandhari ambayo Kent yote haina. Tatizo ni kwamba njia hizo hulindwa na mazoea peke yake, na mwekezaji mwenye hati na senyenge huyashinda mazoea asubuhi moja. Njia za kufika ufukweni ndizo ninazozihofia zaidi.

Mkutano wa ajabu kati ya kaunti hii na mkoa wangu uko Port Lympne, hifadhi ya wanyama iliyo juu ya mteremko unaotazama uwanda wa Romney, iliyoanzishwa na John Aspinall, mtu aliyetajirika kwa biashara ya kamari. Huko hufugwa na kuzalishwa faru weusi wa Afrika Mashariki, na mwaka 2012 watatu kati yao walisafirishwa kwa ndege kwenda hifadhi ya Mkomazi, ambayo sehemu yake iko mkoani Tanga. Nilipoifahamu habari hiyo nilifurahi, kisha nikaanza kuwaza ni watoto wangapi wa Mkinga, wilaya ya mkoa wetu, watakaowaona. Kiingilio cha Mtanzania katika hifadhi zetu ni kidogo sana ukilinganisha na kile anachotozwa mgeni kwa dola, kwa hiyo lango silo linalomzuia. Kinachomzuia ni gari. Hifadhi haiingiliwi kwa bodaboda, na kukodi gari la siku moja kunaweza kumaliza akiba ambayo familia iliiweka kwa ajili ya sare za shule.

Mbali kidogo na Reculver, huko Birchington, kuna wanyama wetu wa aina nyingine: waliokaushwa. Makumbusho ya Powell-Cotton katika bustani ya Quex yamejaa tembo, swala na nyani aliowapiga risasi Percy Powell-Cotton katika safari zake za Afrika, wakiwa wamepangwa nyuma ya vioo mbele ya milima ya kuchorwa. Yupo pia simba aliyemrukia mwaka 1906 huko Kongo, na koti alilolivaa siku hiyo likiwa na alama za kucha. Inasemekana gazeti lililokunjwa mfukoni ndilo lililomkinga tumbo. Wenyeji humpenda simba yule. Mimi hutazama zaidi ngozi za swala, nikijiuliza ni nani aliyezibeba hadi pwani.

Sisemi kwamba nyumbani hatujui kutoka. Siku ya Idi, ufuko wa Raskazone mjini Tanga hujaa watoto wenye nguo mpya mpaka mchanga hauonekani, na Jumapili zetu nyingi huishia kwa shangazi, ambako chakula ni bure na hakuna saa ya kufunga. Pengine Mwingereza amehitaji ngome na njia za kutembea kwa sababu hana shangazi wa kumtembelea bila miadi. Lakini miji yetu inakua, jamaa wanahamia mbali, na mtoto wa ghorofani Dar es Salaam ambaye shangazi yake yuko Mwanza anahitaji mahali pa kupelekwa palipo karibu kuliko Serengeti.

Najua jibu litakalotolewa, kwamba Kent ina fedha na Tanga haina. Makasri yanahitaji fedha, nakubali, ila Reculver imesimamishwa na vitu vidogo: nguzo na rangi, choo kinachosafishwa, kivuli, na mtu aliyepewa kibali cha kuuza chai. Tongoni daladala za Pangani zinapita karibu. Halmashauri ingeweza kuweka alama kutoka barabarani hadi makaburini, ikawapa mama lishe wawili nafasi ya kupika Jumamosi na Jumapili, na ikatundika vibao vya Kiswahili kwanza, Kiingereza baadaye. Maandishi ya vibao hivyo hayahitaji mtaalamu kutoka nje, kwa sababu walimu wa historia wa sekondari za Tanga wanaijua habari ya meli iliyochomwa kuliko mimi, na wengi wao wangeyaandika kwa wiki moja ya likizo wakiombwa.