Nani Kasema Dansi ni Kitendawili?

Dakika ya kumi hivi, jamaa aliyekaa kushoto kwangu akaniinamia: "Sasa huyu anamaanisha nini?" Jukwaani mwanamke mmoja, pekupeku, alikuwa anaanguka na kuinuka, anaanguka na kuinuka. Muziki hakuna. Ukumbi kimya kiasi cha kusikia anavyohema na nyayo zinavyokwaruza sakafu. Nikamwambia sijui. Akatoa kikaratasi tulichopewa mlangoni, akawasha tochi ya simu (ndiyo, tochi, katikati ya giza lile), akaanza kutafuta jibu.

Na kikaratasi kilikuwa nalo! "Mwili kama uwanja wa majadiliano baina ya kumbukumbu na nafasi." Haya. Mtoto wa watu anavuja jasho, wewe unaniletea majadiliano.

Hapa ndipo ninapokasirika. Tumeifanya dansi ya kisasa kitendawili: mchezaji katega, sisi tutegue, tukishindwa tumpe mji, atupe jibu twende zetu tukalale. Lakini mtu akianguka mbele yako, tumbo lako linashtuka kabla hujawaza lolote. Maana imeshafika hapo, unatafuta nini tena? Mwaka 1975 Pina Bausch, mtunzi wa dansi Mjerumani, alimwaga udongo jukwaa zima, akawachezesha watu juu yake kwa muziki wa Mrusi Stravinsky. Unaweza kukesha ukiuliza udongo ule ni ishara ya nini. Mimi ninachojua ni kwamba udongo ni mzito, unanasa miguu, unagandamana na jasho, na wale watu mwishoni wamechoka kwelikweli, hawaigizi uchovu. Mwaka 2020 wachezaji kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikuwa wakiifanyia mazoezi dansi hiyohiyo Senegal, kwenye shule ya dansi ya Germaine Acogny. Korona ikafuta ziara yao. Kabla ya kutawanyika wakaicheza ufukweni, kijijini hapo Toubab Dialaw, wakarekodiwa, mchanga ukachukua nafasi ya udongo. Nilivyoiona video ile sikukumbuka kumuuliza mtu chochote.

Muziki huo wa Stravinsky ulipochezewa mara ya kwanza Paris, mwaka 1913, kwa dansi aliyoitunga Nijinsky, watu walizomea mpaka okestra ikawa haisikiki vizuri jukwaani. Wakorofi, sawa. Ila angalau hasira ilikuwa yao wenyewe, hawakungoja kuandikiwa.

Nakubali, shingo upande, kwamba yapo maonyesho matupu. Nimewahi kukaa saa nzima namtazama mtu akiburura kiti. Siku hiyo maelezo yalijaza kurasa nne, ningeshtuka mapema.

Lakini si huyu mama. Karibu na mwisho alianguka, hakuinuka. Tukangoja. Tukangoja tena. Nikageuka kidogo: jirani yangu kashika kiti cha mbele kwa mikono miwili, mdomo wazi, kikaratasi kimeanguka chini ya kiatu chake.

Taa zilipowaka akakiokota, akakipangusa vumbi, akaendelea kusoma.