Zoezi Halingoji Siku Mbaya

Watu wengi wanaosumbuliwa na wasiwasi, au na dalili za mwili ambazo vipimo havikuonyesha chanzo chake, huwa na malalamiko yanayofanana: wamejaribu mazoezi ya kupumua, wamejaribu kuandika, wamejaribu kutuliza akili, na hakuna lililowasaidia. Ukiwauliza waliyafanyaje, aghalabu utasikia kwamba waliyafanya siku walizozidiwa na wakayaacha mara walipopata nafuu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye tatizo. Zoezi linalofanywa siku mbaya tu hugeuka kuwa rungu la kufukuzia dalili, na kila dalili inapofukuzwa, ubongo hupata ushahidi mwingine kwamba kweli kulikuwa na hatari. Ninaamini kwamba zoezi linalomvusha mtu ni lile dogo la kila siku, linalofanywa mwili ukiwa umetulia na ukiwa umechafuka, ambalo thamani yake haipimwi kwa hali ya dalili jioni ya siku hiyo.

Kwanza niweke mpaka. Ninawazungumzia watu waliokwisha kupimwa na daktari wakaambiwa kwamba hakuna ugonjwa wa kiungo unaoeleza hali yao. Mwenye maumivu ya ghafla ya kifua, aliyelegea mkono au mguu wa upande mmoja, anayeshindwa kuzuia haja, aliyekufa ganzi sehemu za siri, mwenye homa isiyoisha, damu katika choo au anayekonda bila sababu, aende hospitali leo. Vilevile mtu ambaye wasiwasi umemfikisha mahali pa kufikiria kujiua asibaki peke yake na zoezi lolote. Amwambie mtu wa karibu na atafute msaada wa kitabibu mara moja.

Kwa hao wengine, jambo la kushika mapema ni kwamba dalili zao ni za kweli. Mwaka 1915 mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza jinsi mwili unavyojiandaa kupambana au kukimbia unapohisi hatari: adrenalini humwagika katika damu, moyo huenda mbio, misuli hukaza, na kazi ya kumeng'enya chakula husimamishwa. Mwili unaoishi katika hali hiyo kwa miezi kadhaa lazima uumwe shingo, uchafukwe tumbo na ukose usingizi, na hakuna anayejitungia mambo hayo. Hata jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa maumivu, iliporekebisha maana ya maumivu mwaka 2020, iliyataja kuwa ni hali ya kimwili na ya kihisia pamoja, inayoweza kuambatana na jeraha au kufanana tu na ile inayotokana na jeraha. Picha za mwili zinazopigwa hospitalini nazo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015, yaliyowahusu watu 3,110 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo, yalionyesha dalili za kuchakaa kwa diski za uti wa mgongo katika asilimia 37 ya watu wenye umri wa miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Mtu anayebeba picha yake mkononi kama hukumu angefaidika kuzijua namba hizo.

Kinachoendeleza dalili mara nyingi ni hofu ya dalili yenyewe. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, alieleza kwamba mshtuko wa hofu huzaliwa pale mtu anapokitafsiri kitu cha kawaida mwilini kuwa ni balaa linalokuja. Tazama linavyotokea. Mtu ameketi baada ya kazi, na moyo unaruka pigo moja, jambo linalowapata hata wenye afya njema. Kabla hajafikiri, vidole viwili vimekwisha kufika shingoni chini ya taya, vinatafuta mshipa, naye anaanza kuhesabu. Anapohesabu, pumzi inakuwa fupi na ya haraka na inapandia juu ya kifua. Kupumua kwa namna hiyo hutoa hewa ya ukaa nyingi kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo ncha za vidole zinaanza kumchoma kama sindano, midomo inakufa ganzi na kichwa kinakuwa chepesi. Sasa ana dalili nne badala ya moja, na kila moja inamthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Hakuna kiungo kilichoharibika katika mlolongo huo wote. Kuna somo tu ambalo ubongo umelirudia mara nyingi hadi likawa mazoea.

Na somo lililorudiwa mara nyingi haliondolewi kwa hoja ya siku moja. Ndiyo maana watu husoma, huelewa kabisa kwamba hawana ugonjwa wa hatari, kisha usiku huohuo moyo unawaenda mbio kama zamani, nao huona aibu kana kwamba akili zao hazikuelewa. Zilielewa. Lakini sehemu za ubongo zinazolinda uhai hazijifunzi kwa maelezo. Hujifunza kwa yale zinayoyapitia, tena zikiyapitia mara kwa mara. Ubongo uliozoea hofu ni kama mlinzi wa usiku anayepiga filimbi kila paka anaporuka ukuta: kumhutubia asubuhi hakusaidii sana, ila akikesha usiku baada ya usiku akimtazama yuleyule paka akipita bila chochote kuibwa, filimbi huanza kubaki mfukoni.

Utafiti mmoja unanipa matumaini katika jambo hili, na ningependa ujulikane zaidi. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, walitangaza matokeo ya jaribio lililowahusisha watu 151 wenye maumivu sugu ya mgongo, ambao kwa wastani walikuwa wameumwa kwa miaka 10. Kundi moja lilipewa tiba ya kisaikolojia ya wiki nne, iliyowafundisha kuyaona maumivu yao kama kengele ya uongo ya ubongo. Kundi la pili lilichomwa sindano ya maji ya chumvi, likielezwa wazi kwamba ni plasebo, yaani tiba bandia isiyo na dawa ndani yake, na la tatu liliendelea na matibabu yake ya kawaida. Mwishoni, asilimia 66 ya watu wa kundi la kwanza hawakuwa na maumivu kabisa au walibaki nayo kidogo sana, ikilinganishwa na asilimia 20 ya kundi la sindano na asilimia 10 ya kundi la tatu. Nafuu hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ingalipo baada ya mwaka mmoja. Washiriki walikuwa na maumivu madogo hadi ya wastani, kwa hiyo haifai kumwahidi kila mgonjwa matokeo hayohayo, lakini miaka 10 si muda mdogo.

Kilichofundishwa humo ni chepesi kueleza na kigumu kurudia. Mtu huketi, huelekeza akili yake kiunoni, na hajaribu kuondoa chochote. Huyaangalia maumivu kama anayechunguza kitu kigeni kisichomtisha: yameanzia wapi, yanakomea wapi, yanabana au yanachoma, yanafanya nini pumzi inapotoka? Huku anajikumbusha kwamba misuli hii imekaza, haijajeruhiwa. Pengine maumivu yatahamia upande wa pili, pengine yatapanda kisha yashuke, pengine yatabaki vilevile. Hayo yote ni sawa, kwa sababu lengo la dakika hizo ni ubongo uone mtu akiwa pamoja na hisia ileile bila kuikimbia. Akianza kuchungulia kama yamepungua, zoezi limekwisha kubadilika kuwa doria.

Hapo ndipo ninaposisitiza siku njema. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi ambaye mbwa wake walifunzwa kudondokwa na mate kwa kusikia mlio, aligundua pia upande wa pili wa jambo hilo: mlio ukipigwa mara nyingi bila chakula, mate hukoma, lakini mbwa akipumzishwa kisha mlio ukapigwa tena, mate hurudi. Miongo mingi baadaye Mark Bouton wa Chuo Kikuu cha Vermont alionyesha kwa majaribio kwamba hofu iliyozimika haifutiki. Hujengwa somo jipya juu yake, na somo hilo jipya hutegemea sana mazingira lilimojengwa. Kwa mgonjwa, maana yake ni nzito. Aliyejifunza utulivu akiwa kitandani tu, saa za usiku, akiwa amezidiwa, amejifunza utulivu wa kitandani. Hauchukui kwenda nao kazini, barabarani au katikati ya ugomvi. Anahitaji kulifanya zoezi lake asubuhi akiwa hana neno, mchana akiwa na haraka, akiwa na furaha, akiwa amekasirika, akiwa kwenye foleni, ili somo la usalama lipate mizizi mahali pengi. Siku njema ndizo zenye nafasi kubwa ya kujifunza, kwa kuwa akili haijashikwa na mapambano. Ajabu ni kwamba ndizo tunazozitupa, kwa kudhani kwamba kazi imekwisha.

Kutokana na elimu hiyohiyo, dalili kurudi baada ya wiki za utulivu ni jambo la kutarajiwa. Nimewaona watu wakikata tamaa hapo kuliko mahali pengine popote, wakisema kwamba wamerudi mwanzo. Hawajarudi mwanzo, somo la zamani limejitokeza kwa muda kwa sababu ya uchovu, msiba, mgogoro au mahali papya, na lile jipya bado lipo chini yake. Mtu ambaye zoezi lake lilikuwa la kila siku hulifanya siku hiyo kama alivyolifanya jana, kwa dakika zilezile, bila kuliongeza kwa hofu. Nadhani hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote ya kuwa na desturi: inamwondolea mtu kazi ya kuamua cha kufanya wakati ambapo uamuzi wake umetawaliwa na woga.

Kuhusu muda, Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga desturi mpya. Kiwango cha kati cha kufikia mahali ambapo tendo linajiendea lenyewe kilikuwa siku 66, lakini kati ya mtu na mtu tofauti ilianzia siku 18 hadi siku 254. Waligundua pia kwamba kukosa mara moja hakukuharibu ujenzi wa desturi. Ningependa kila mwenye wasiwasi aielewe hiyo sentensi ya mwisho. Watu wa aina hii mara nyingi ni wakali mno kwa nafsi zao. Hugeuza zoezi kuwa mtihani, na siku wakilikosa hujiadhibu kwa kulifanya maradufu kesho yake au kwa kuliacha kabisa. Ukali huo ni tishio jingine kwa ubongo uleule unaofundishwa kwamba hakuna tishio. Dakika tano za kupumua polepole, takriban pumzi sita kwa dakika, huku utoaji wa pumzi ukiwa mrefu kuliko uvutaji, zikifanywa na mtu asiyejigombeza, zina faida kubwa kuliko saa nzima ya kujilazimisha.

Kuandika ni suala tofauti kidogo. James Pennebaker, aliyeanzisha utafiti wa kuandika mambo yanayoumiza moyo mwaka 1986, aliwaandikisha wanafunzi kwa dakika 15 kwa siku nne mfululizo, basi. Wanaoandika machungu yao kila siku kwa miezi wanaweza kujikuta wanazungusha mawazo yaleyale kwenye karatasi. Kwa hiyo hili ndilo zoezi pekee ambalo singemshauri mtu alifanye kila siku bila kikomo.

Limebaki suala la kipimo. Wengi huamka na kabla hawajafumbua macho vizuri wameshaupekua mwili kuanzia kichwani hadi miguuni: kichwa je, shingo je, tumbo limekaaje? Majibu ndiyo yanayoamua kama siku itakuwa njema. Mtu akianza mazoezi ya kila siku huku akiendelea na upekuzi huo, kisha akaandika alama za maumivu asubuhi na jioni, anauambia ubongo kila siku kwamba maumivu ndiyo habari kubwa. Daktari akiagiza daftari la dalili ili kutambua ugonjwa, liandikwe. Nje ya hapo, ningeshauri kalenda yenye alama moja tu, ya kwamba zoezi limefanyika, na pembeni neno moja juu ya jambo lililofanywa licha ya hofu: amepanda ngazi, amesafiri, ameinua mtoto, amehudhuria kikao. Johan Vlaeyen na Steven Linton, walioandika mwaka 2000 kuhusu hofu na ukwepaji katika maumivu ya misuli na mifupa, walieleza jinsi kukwepa shughuli kunavyozidisha ulemavu na huzuni. Orodha hiyo fupi ya pembeni ndiyo inayoonyesha kama maisha yanapanuka, na kwa kawaida huanza kupanuka kabla dalili hazijapungua.

Wanaoishi na mgonjwa nao wana sehemu yao. Swali la kila saa la "Bado panauma?" hutoka kwenye upendo, lakini humrudisha mtu kwenye upekuzi aliokuwa anajitahidi kuuacha. Mke, mume, mzazi au ndugu anaweza kukubaliana naye mapema kwamba mwenye dalili mpya ataisema mwenyewe bila kuulizwa, na katika siku za kawaida wazungumze kuhusu shughuli za siku hiyo. Akitaka kusaidia zaidi, na aketi naye katika zile dakika tano, siku ambazo hakuna kinachouma.