Shahada mpya ya biashara, fedha za wahitimu: ufadhili umfuate nani?

Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitangaza kwamba Ned na Carol Spieker, mume na mke waliosoma hapohapo, wametoa dola milioni 30 ili programu ya shahada ya kwanza ya biashara katika shule ya Haas iwe ya miaka minne badala ya miwili. Awali mwanafunzi aliingia chuo, akasoma masomo ya jumla, kisha akaomba nafasi ya biashara kabla ya mwaka wa tatu. Kundi la kwanza la mpango mpya lilianza 2024, na programu ikapewa jina la Spieker. Pale si ajabu. Shule yenyewe ilianza mwaka 1898 kwa mali ya Cora Jane Flood, binti wa tajiri wa migodi.

Kwetu Tanzania hakuna wa kuandika hundi ya namna hiyo, lakini wazo lenyewe lina watetezi: chuo kikifungua shahada mpya ya biashara, waliopita pale wachange, vijana wasio na uwezo wasome. Nami naliunga mkono, ila kwa sharti moja ambalo wachangiaji wengi hawatalipenda.

Hoja ya kuliunga mkono ni nzito kuliko inavyoonekana. Fedha za serikali zinaegemea sayansi. Bodi ya Mikopo imekuwa ikitanguliza ualimu wa sayansi, afya na uhandisi, na Samia Scholarship, iliyoanza 2022, ni ya waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita. Aliyesoma ECA (uchumi, biashara na uhasibu) akapata daraja la kwanza hayumo humo, hata kama ametoka kijijini na mama yake anauza vitumbua. Anabaki kusubiri mkopo, na mkopo wenyewe huweza kuja nusunusu: asilimia fulani ya ada, nyingine ajitafutie. Bumu, yaani fedha ya kujikimu, la shilingi 10,000 kwa siku ndilo la kula na la kulala. Aliyelazimika kufidia ada kwa bumu anajua maisha yanayofuata: kubebana kitanda kimoja hosteli, mlo mmoja kwa siku, na jina kukwama kwenye orodha ya wasioruhusiwa kufanya mtihani. Kwa mtu huyo hata ufadhili wa ada peke yake unaokoa muhula.

Wanaopinga huanza na makato. Mhitimu aliyesoma kwa mkopo anakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Sheria ilipandisha kiwango hicho kutoka asilimia 8 mwaka 2016. Ile nyongeza ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa 2021, lakini 15 ingalipo. Mtu wa hivyo ukimwambia achangie wanafunzi atakujibu, "Mbona nachangia kila mwisho wa mwezi?" Ana haki ya kuuliza. Hata hivyo analipa deni, na marejesho yake yanaingia Bodi, ambako mwanafunzi wa biashara yuko nyuma ya foleni. Hoja ya makato inatufundisha tu wa kumwendea: aliyemaliza deni na aliyesoma enzi za serikali kulipa kila kitu. Hao wa pili hasa sioni wana kisingizio gani.

Pingamizi linalonisumbua mimi ni lingine, na sijalisikia likitajwa sana. Shahada mpya haina wahitimu. Wanaoichangia walisoma kitu kingine, na hakuna mwajiri aliyewahi kuajiri mtu mwenye cheti hicho. Sasa tazama nani atakwenda wapi. Mtoto wa mwenye nazo atachagua shahada ya uhasibu inayojulikana, inayompa msamaha wa baadhi ya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, na baba atalipa. Mtoto wa maskini ataifuata ile mpya kwa sababu ndiyo yenye ufadhili. Shahada ikifana, sawa. Isipofana, waliojaribiwa nayo ni wale ambao hawana wa kuwalipia mara ya pili. TCU, tume ya vyuo vikuu, huipitisha programu kabla haijaanza, lakini ithibati si soko la ajira.

Mtetezi atasema bila chambo hicho darasa la kwanza litajaa waliokosa kwingine, na shahada itaanza na jina baya. Ni kweli. Kwa hiyo siombi ufadhili uondolewe. Ninachotaka ni umfuate mwanafunzi. Aliyefadhiliwa akimaliza mwaka wa kwanza akaona shahada haimfai, ahamie nyingine ya chuo hichohicho, na ufadhili wake uende naye mpaka amalize. Wachangiaji watanuna, maana walitaka jina lao likae juu ya shahada. Chuo nacho kitanuna, maana kilitaka idadi. Lakini hofu ya kukimbiwa na wanafunzi ndiyo itakayowalazimisha waifanye shahada iwe nzuri.

Kuhusu fedha zenyewe, michango ya kila mwaka kwenye kundi la WhatsApp huanza kwa kishindo na kufifia mapema, wakati shahada ni miaka mitatu. Wahitimu 200 wakitoa shilingi 500,000 kila mmoja, mara moja tu, zinapatikana milioni 100. Zikiwekwa kwenye hatifungani ya serikali yenye riba ya asilimia 12, zinaleta milioni 12 kwa mwaka, ada ya wanafunzi wanane ikiwa kila mmoja anadaiwa milioni moja na nusu. Ni wachache, wasiofika watatu kwa kila mwaka wa kuingia, lakini hao watamaliza. Uteuzi nao ubaki kwa chuo, kwa vigezo vilivyobandikwa wazi, la sivyo simu za kumwombea nafasi "kijana wetu kutoka kule" zitaanza.

Kipengele cha kuhama kiandikwe kabla shilingi ya kwanza haijapokelewa. Mfadhili akishakabidhi hundi ya mfano mbele ya kamera, hakuna makamu mkuu wa chuo atakayemrudia kumwomba alegeze masharti.