Kutoka National League, nafasi ya tatu ya kupanda ni haki, lakini ya nani?

Anayebeti Jumanne usiku anazijua timu hizi kwa majina tu. Altrincham, Boreham Wood, Solihull Moors: zinaingia kwenye mkeka kwa sababu siku hiyo Arsenal na Liverpool wamepumzika, na mara nyingi ndizo zinazouchana. Huko kwao zimo kwenye mvutano ambao umekuwa ukirudi kwa zaidi ya miaka 40: timu ngapi za chini ziruhusiwe kupanda, na ngapi za juu zikubali kushuka.

Tuanze na ramani. Soka la Uingereza lina klabu 92 za juu, yaani 20 za Premier League na 72 za EFL, ligi inayofuata, katika madaraja matatu: Championship, League One na League Two. Chini yake kuna National League yenye timu 24 za nchi nzima. Ukishuka hatua moja unakuta National League North na South, 24 kila upande. Chini yake kuna ligi nne za kikanda, kisha nane, kisha 16, na kila ukishuka eneo linazidi kuwa dogo. Mantiki yake ni nzuri: fedha ikipungua, na safari ipungue. Msomaji asidhani ni ndondo. Klabu hizi zimesajiliwa, viwanja vinakaguliwa, na mshindi ana njia ya kupanda, angalau kwenye makaratasi, mpaka Premier League.

Mchezaji wa huku kwa kawaida ana kazi nyingine. Anafanya mazoezi Jumanne na Alhamisi jioni akishatoka kazini, anacheza Jumamosi saa tisa alasiri, anapokea malipo yake ya wiki, basi. Wengi hawana mkataba: klabu inayomtaka inaiarifu klabu yake, inasubiri siku saba, inazungumza naye. Jamie Vardy alikuwa akilipwa pauni 30 kwa wiki pale Stocksbridge Park Steels huku akifanya kazi kiwandani, na mwaka 2016 akawa bingwa wa Premier League na Leicester. Hadithi yake inasimuliwa sana kwa sababu zinazofanana nayo ni chache.

Sasa mgogoro. Kutoka National League zinapanda timu mbili tu kwenda League Two: bingwa moja kwa moja, na mmoja anayeshinda mtoano wa timu sita, kuanzia nafasi ya pili hadi ya saba. Angalia sehemu nyingine za ngazi. Championship inashusha timu tatu, League One inashusha nne, League Two inashusha mbili. National League yenyewe inashusha nne kila msimu. Kwa hiyo inapokea wanne kutoka chini na kutoa wawili kwenda juu. Mwaka 2025 klabu zake zote 72, zile za juu pamoja na za North na South, zilisimama pamoja kudai nafasi ya tatu.

Hoja yao kuu ni msimu wa 2022/23. Wrexham, klabu ya Wales inayomilikiwa na waigizaji Ryan Reynolds na Rob McElhenney, walimaliza na pointi 111. Notts County wakapata 107. Pointi 107, na bado wakaingizwa kwenye mtoano, wakapona kwa penalti Wembley dhidi ya Chesterfield. York City hawakupona. Msimu wa 2024/25 walimaliza wa pili na pointi 96, wakatolewa kwenye nusu fainali na Oldham waliokuwa nyuma yao kwa zaidi ya pointi 20. Kwa sheria zilizopo hakuna aliyeonewa. Ila ukiwa shabiki wa York, maelezo hayo hayakusaidii.

Na historia inawapa nguvu. Kabla ya 1987 hakukuwa na kupanda kwa moja kwa moja. Timu nne za mwisho za Daraja la Nne, lililo League Two ya leo, ziliomba zichaguliwe upya, na waliopiga kura walikuwa wenzao wa Ligi, yaani EFL ya sasa. Mwaka 1980 Altrincham, mabingwa wa ligi iliyokuja kuitwa National League, walikosa kwa kura moja: Rochdale 26, wao 25. Mlango ulipofunguliwa, Scarborough ya kocha Neil Warnock ikawa ya kwanza kupita. Nafasi ya pili ilisubiriwa hadi 2003. Rochdale nao walishuka mwaka 2023, baada ya miaka 102.

Upande wa pili usidharauliwe, ingawa unatetewa vibaya. Timu inayoshuka kutoka League Two inapoteza mgawo wa televisheni na fedha zinazoshuka kutoka Premier League, wakati mikataba ya wachezaji iko palepale. Kuongeza nafasi moja ya kushuka ni kuongeza klabu moja kila mwaka yenye hatari ya kuyumba. Oldham, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa Premier League mwaka 1992, walishuka hadi National League mwaka 2022 na ikawachukua misimu mitatu kurudi. Wapo pia wanaosema timu za chini hazina ubavu wa kukaa juu. Sutton United walipanda kama mabingwa mwaka 2021, wakashuka 2024. Hoja hii ya ubavu kwangu ni dhaifu: Wrexham walipanda madaraja matatu kwa miaka mitatu mfululizo, na Stockport, waliopanda 2022, walikuwa mabingwa wa League Two miaka miwili baadaye.

Hoja ninayoiona nzito haisemwi sana na upande wowote. Timu nyingi za National League ya juu si za kazi na mpira tena. Zinalipa mishahara ya muda wote, zinafanya mazoezi asubuhi, zinakimbizana na matajiri. Ukiongeza nafasi ya tatu unapunguza kamari ya kuwania nafasi moja, sawa, lakini unaongeza idadi ya wanaoamini kwamba wakitumia kidogo zaidi msimu huu watafika. Anayebanwa ni yule wa katikati. Truro City kutoka Cornwall, kusini-magharibi kabisa, walipanda mwaka 2025 wakawa timu ya kwanza ya mkoa wao kufika pale. Safari yao ya kwenda Gateshead, kaskazini, ni zaidi ya kilomita 700 kwenda tu, ndefu kuliko Dar hadi Arusha. Fundi bomba hawezi kuomba ruhusa ya namna hiyo kila wiki mbili. Ile mantiki ya fedha na safari inavunjikia hapo hapo kwenye ngazi inayopiganiwa.

Halafu kuna nyasi, jambo dogo linaloeleza mengi. Uwanja wa nyasi bandia ni uhai wa klabu ndogo. Jumamosi inacheza timu ya wakubwa, siku nyingine zote uwanja unakodishwa kwa shule, watoto na timu za ofisini, mvua inyeshe isinyeshe. Maidstone United, wa ngazi ya sita, wanacheza kwenye kapeti kama hilo, na mwaka 2024 walifika raundi ya tano ya Kombe la FA baada ya kuwatoa Ipswich. FA, chama cha soka cha huko, inaruhusu. EFL inakataa. Harrogate walipopanda 2020 ilibidi wang'oe kapeti, na mechi za mwanzo za nyumbani wakazichezea Doncaster. Sutton waling'oa 2021. Bromley waling'oa 2024. Yaani zawadi ya kwanza ya kupanda ni kuharibu chanzo chako cha mapato. (Oldham hao hao walicheza kwenye plastiki miaka ya 1980, na hakuna aliyewatimua.)

Gateshead nao wana kisa chao. Mwaka 2024 walistahili mtoano lakini wakazuiwa, kwa kuwa uwanja ni wa halmashauri na hawakuweza kuthibitisha kwamba watakuwa nao kwa miaka kumi.

Kwa hiyo nawaunga mkono wanaodai nafasi ya tatu, kwa namna ya wa pili kupanda moja kwa moja na mtoano kubaki kwa wanaofuata. Pointi 107 zisiamuliwe kwa penalti. Ila madai hayo peke yake yatawafaa wale ambao tayari wana fedha. Kwa Truro na wenzao ningeanza na mambo mawili: kapeti liruhusiwe League Two, au klabu ipewe misimu miwili kabla ya kuling'oa; na sharti la miaka kumi lilegezwe pale mwenye uwanja ni halmashauri. Yote hayo, pamoja na nafasi yenyewe, yanahitaji ridhaa ya klabu za EFL, na miongoni mwa zilizokwishapita mlango huo tangu 2020 wako Harrogate, Stockport, Bromley, Barnet na Oldham. Hao ndio wa kuulizwa wangepiga kura gani.