Pua ya Mjomba

Mjomba ni panya. Mweupe, macho mekundu, mkia mrefu kuliko adabu yake. Jirani alituachia "kwa siku mbili tu" akasafiri, na mpaka leo hajapiga hodi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa jembe la kumpa panya nitalitoa wapi? Nikaamua kumpa jaribio.

Binti yangu Neema alikuwa ametoka kusoma habari za Magawa, yule panya buku aliyefunzwa Tanzania na shirika la APOPO, akapelekwa Kambodia kunusa mabomu ya ardhini, na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Akaniuliza, "Baba, na Mjomba anaweza?" Nikamwambia bomu hatuna, tuanze na karanga.

Tukapanga vikombe vya karatasi sakafuni, kifudifudi, karanga chini ya kimoja. Mjomba akafunguliwa, akaenda moja kwa moja, akakipindua, akala. Nikapiga makofi. Mama Neema, aliyekuwa kwenye kochi akijifanya hatuoni, akasema bila kugeuza shingo, "Anafuata harufu ya vidole vyako huyo. Kikombe ulichokishikashika ndicho anachokiendea."

Ilinikera, maana ilikuwa kweli. Panya anaponusa kwa bidii huvuta harufu mara 8 hivi kwa sekunde, na utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kwa mnuso mmoja au miwili tu anajua harufu inatoka kushoto au kulia. Macho ndiyo bure, hasa ya hawa weupe. Basi nikavaa glavu, nikavipaka vikombe vyote siagi ya karanga ili vinukie sawa. Akibabaika, tumejua anategemea pua. Akipatia, anachungulia.

Nikamnyanyua Mjomba hadi usoni nimpe maneno ya kumtia moyo. Akaninusa mdomo. Akanusa masharubu. Akarudi mdomoni tena, kwa makini kama ofisa wa forodha aliyepata fununu. Panya, bahati mbaya, hujifunza chakula kipi kinafaa kwa kunusa pumzi ya mwenzake aliyekwisha kula. Na Mjomba, naona, alinihesabu mwenzake.

Sasa mjue: daktari alinipiga marufuku vitu vitamu, na Mama Neema ndiye msimamizi wa marufuku hiyo.

Nikamweka chini. Vikombe akavipita bila hata salamu. Akasimama katikati ya sebule, pua juu, sharubu zikitetemeka, kichwa huku, kichwa kule, kisha akashika njia ya rafu ya viatu.

"Mjomba, huku!" Sauti ilinitoka nyembamba.

Akapita kandambili, akapita viatu vya shule, akafika kwenye buti langu la mvua, la kushoto, akaanza kukwaruza.

"Baba!" Neema akaruka. "Magawa naye alikuwa akinusa bomu anakwaruza hivyo hivyo!"

Mama Neema akainuka kwenye kochi. Taratibu. "Baba Neema, hilo buti lina nini?"

"Soksi."

Mjomba akazama, ukabaki mkia tu. Tukasikia nailoni ikichakarika, halafu kitu kikitafunwa. Akatoka na biskuti ya tangawizi pana kuliko kichwa chake, akaipandisha juu ya kikombe cha utafiti, akaila mbele ya mashahidi.

Buti likapinduliwa. Zikamwagika pakiti, vipande, makombo, na chokoleti ambayo hata mimi nilikuwa nimeisahau. Nikajitetea kwamba ni vifaa vya jaribio, kwamba kwenye sayansi lazima chakula kifichwe mbali na mtafitiwa.

"Jaribio la lini? Hii imeisha muda wake mwezi uliopita."

Hotuba ikaanza. Ilikuwa hotuba nzuri, yenye vifungu. Figo zilitajwa, macho yalitajwa, mama yangu mzazi alitajwa. Neema alikaa kando akiandika kwenye daftari: *Mjomba amefaulu.* Mimi nilitazama sakafu, na hapo sakafuni nikamwona Mjomba amemaliza biskuti, amejipangusa uso kwa viganja, anaanza safari nyingine. Pua juu. Kichwa huku, kichwa kule. Akalielekea kochi, upande ule ule alikokuwa amekaa mhutubu. Akapanda. Akasukuma mto kwa kichwa. Akaanza kukwaruza.

Hotuba ikakatika kwenye kifungu cha kongosho.

"Neema, mrudishe panya kwenye tundu. Amechoka."

"Lakini mama, anakwaruza."

"Amechoka, nimesema!"

Mimi nilikuwa nimekwisha kuinua mto. Biskuti za tangawizi. Zile zile zilizokuwa zikipungua kwenye buti langu, nikawa namsingizia Mjomba.