Dawa ya mwanga kwa saratani ya tezi dume: ni ya nani hasa?

Padeliporfin ni dawa ambayo bila mwanga haifanyi kazi. Mgonjwa hupewa nusukaputi, nyuzi nyembamba za kupitishia mwanga huingizwa kwenye msamba mpaka ndani ya tezi dume, kisha dawa huchomwa mshipani kwa dakika 10. Leza ikiwashwa kwa dakika 22 hivi, dawa hutoa kemikali kali za oksijeni pale palipomulikwa tu. Mishipa ya damu inaziba, na sehemu hiyo ya tezi inakufa. Baada ya hapo mgonjwa anajificha jua na taa kali kwa siku 2.

Umoja wa Ulaya uliiidhinisha mwaka 2017, kutokana na utafiti wa wanaume 413 wenye saratani ya hatari ndogo. Baada ya miaka 2 ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 28 ya waliotibiwa, na asilimia 58 ya waliofuatiliwa tu bila tiba. Si jambo dogo hilo. Anayeepuka kuondolewa tezi yote huenda ameokoa nguvu zake za kiume, na suruali kavu.

Marekani hawakushawishika. Mwaka 2020 wengi wa washauri wa mamlaka ya dawa, FDA, hawakuona kwamba faida inazidi madhara, nami naona walikuwa na hoja. Utafiti wa ProtecT wa Uingereza uliwafuatilia wanaume 1,643 kwa miaka 15 hivi: waliokufa kwa saratani hiyo ni asilimia 2.7, na haikujalisha sana kama walipasuliwa, walipigwa mionzi au waliangaliwa tu. Sasa zile 28 na 58 zinahesabu zaidi kilichoonekana kwenye vinyama vilivyopimwa maabara. Wafu hazihesabu. Isitoshe, aliyemulikwa bado atarudi kupima PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, na kutolewa vinyama, maana upande ambao haukuguswa unaweza kuota saratani yake. Na dawa yenyewe huwaletea baadhi shida ya mkojo na ya kitandani.

Lakini kuambiwa “una saratani, tuiangalie tu” kuna wanaoshindwa kulala nako, wakaishia kuomba kisu. Huyo ningemwachia mwanga achague mwenyewe, akishaelezwa takwimu zote.

Huku Afrika Mashariki swali ni jingine. Wengi hufika hospitali saratani imeshaingia mifupani, na huko hakuna uzi wa leza utakaoifuata. Kabla ya kutamani mashine hiyo, ningeanza na kipimo cha PSA kwa mwenye dalili, mapema.